Herufi zipo mezani, neno halionekani: utatuzi wa matatizo ya kutafuta maneno ya Kiingereza

Kila mwaka, mtihani wa Darasa la Saba ukishapita mwezi Septemba, fremu yetu ya tuisheni hapa Tabata hujaa watoto wanaosubiri kuingia Kidato cha Kwanza Januari. Hesabu, sayansi na maarifa ya jamii wamezisoma kwa Kiswahili miaka yote, na sasa yamebaki majuma machache masomo yaanze kuja kwa Kiingereza. Sehemu kubwa ya kazi yangu katika kipindi hicho ni kuwaandalia mazoezi ya maneno. Leo ni maneno yote yenye herufi fulani, kesho ni maneno yanayoundwa kwa herufi saba tu, keshokutwa ni maneno yenye OUGH ndani yake.

Mazoezi hayo nimeyatengeneza kwa kamusi na kalamu, kwa simu, na kwa kompyuta ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Kila njia imenikwamisha mahali pake. Hapa naeleza dalili nilizokutana nazo, chanzo nilichokikuta, na nilivyotoka. Yatamfaa mwalimu, mzazi anayemsaidia mtoto jioni, na yeyote anayecheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi.

Anza hapa: unauliza swali lipi?

Matatizo mengi ninayoletewa hayahusu kamusi wala programu. Mtu anataka kitu kimoja, kumbe alichokiandika ni kingine. Chukua herufi A, R na T. Ukisema "nitafutie maneno yenye A, R na T", kuna maswali manne yamejificha humo.

Pengine unataka herufi hizo ziwe zimeshikana kwa mpangilio huohuo: party, heart, chart. Pengine mpangilio ubaki lakini herufi nyingine ziruhusiwe kupenya katikati: carrot, alert, airport. Pengine unataka zote tatu ziwemo tu, popote zilipokaa: water, trade, teacher. Na pengine unataka maneno yanayoundwa kwa hizo peke yake bila kuazima nyingine: art, rat, tar.

Swali la kwanza ni la mwalimu anayefundisha sauti na tahajia. La tatu ni la anayetaka orodha pana. La nne ni la mchezaji aliyeshika vipande vyake mkononi, na kwake hata "at" ni jibu, maana si lazima amalize herufi zote. Ukichanganya la tatu na la nne utaona majibu hayana maana kabisa: umeomba maneno ya kutengeneza kwa herufi tatu, umeletewa "teacher". Programu imekujibu sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, liandike swali lako kwenye karatasi kwa sentensi moja, kwa Kiswahili. Mimi bado nafanya hivyo hadi leo.

Dalili: yamekuja maneno maelfu na hayatumiki

Hili ni jepesi. Umeuliza swali la tatu kwa herufi zilizo nyingi mno katika Kiingereza. E, T, A, O, I, N, S na R zimo karibu kila mahali, na ukiziomba "popote" umeomba kipande kikubwa cha kamusi. Ongeza masharti: neno liwe na herufi ngapi, lianze na nini, lisiwe na herufi gani.

Kwenye kompyuta za Linux na Mac mara nyingi faili la maneno lipo tayari, mahali panapoitwa /usr/share/dict/words. Ukifungua dirisha la amri unaweza kuandika hivi:

grep a /usr/share/dict/words | grep r | grep t

Kila grep ni chekeche. La kwanza linabakiza mistari yenye A, la pili linachekecha yaliyobaki kutafuta R, la tatu T. Ukitaka maneno ya herufi tano tu, ongeza chekeche la nne, lenye nukta tano, kila nukta ikisimama badala ya herufi moja:

| grep -x '.....'

Na ukiona orodha imejaa majina ya watu na miji, au maneno yenye mkato wa juu kama "art's", ongeza hili, linaloruhusu herufi ndogo peke yake:

| grep -x '[a-z]*'

Dalili: halikuja neno hata moja, au limekuja moja tu

Hapa vyanzo ni vingi na vinafanana kwa nje, kwa hiyo vipitie kwa mpangilio, ukianza na kile kinachotokea mara nyingi.

Cha kwanza ni nyota zilizopotea njiani. Katika Excel, nyota ina maana ya "herufi zozote", kwa hiyo kuhesabu maneno yenye ART ndani unaandika:

=COUNTIF(A:A,"*art*")

Mwalimu mwenzangu aliniomba maelezo haya kwa WhatsApp, nikamtumia neno lenyewe tu, art likiwa na nyota huku na huku. Akanijibu kwamba amepata neno moja. WhatsApp huzichukua nyota mbili zinazozunguka neno kama agizo la kukoleza maandishi, kwa hiyo yeye aliona art ya wino mzito isiyo na nyota yoyote. Akaiingiza hivyo, na Excel ikamtafutia seli iliyoandikwa "art" na si zaidi. Tangu siku ile natuma picha ya skrini.

Cha pili ni nafasi iliyojibandika. Kibodi ya simu ukigusa neno inalokupendekezea, huongeza nafasi nyuma yake bila kukuuliza. "art" na "art " kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni viwili. Peleka kishale mwisho kabisa wa ulichoandika, ufute kimoja nyuma, ujaribu tena. Kibodi hiyohiyo hupenda pia kuanza na herufi kubwa, na grep hutofautisha kubwa na ndogo. Ukiandika A kubwa utaletewa majina kama Arthur, na water haitaonekana. Dawa yake ni kuongeza -i baada ya grep.

Cha tatu ni kuchanganya lugha mbili za ruwaza, yaani alama za kueleza umbo la neno unalolitafuta. Nyota ya Excel na nyota ya grep hazifanani. Kwa swali la pili, yaani A kisha R kisha T zenye nafasi katikati, Excel inataka *a*r*t*. Grep inataka nukta na nyota pamoja:

grep 'a.*r.*t'

Ukiipa grep ile ya Excel, nyota ya mwanzoni itachukuliwa kuwa alama ya nyota yenyewe, na hakuna neno la Kiingereza lenye nyota ndani yake. Ukiipa Excel ile ya grep, itatafuta nukta. Pande zote mbili unarudi mikono mitupu.

Cha nne kilinisumbua siku mbili, ndiyo maana nakieleza kwa urefu. Nilipakua orodha ya maneno, nikaomba ya herufi tano yenye A, R na T. Yakaja ya herufi nne: part, rate, star. Water hakuna. Nikaomba ya herufi sita, yakaja ya tano. Kwa hiyo kila neno lilikuwa na herufi moja zaidi ambayo siioni. Faili lilikuwa limetengenezwa kwenye Windows, ambako kila mstari hufungwa kwa alama mbili za siri. Linux na Mac hutumia moja, na ile ya pili ikabaki imening'inia mwishoni mwa kila neno, ikihesabiwa kama herufi. Ukiona hesabu ya herufi imepishana kwa moja, usihangaike na kingine. Safisha faili:

tr -d '\r' < maneno.txt > safi.txt

Kisha fanya kazi na safi.txt. Kama unatumia simu tu, faili hilohilo unaweza kulifungua kwenye Google Sheets, maneno yakae safu ya A, halafu kwa swali la tatu uandike kwenye safu nyingine:

=FILTER(A:A, REGEXMATCH(A:A,"a"), REGEXMATCH(A:A,"r"), REGEXMATCH(A:A,"t"))

Ni machekeche yaleyale matatu, yamepangwa ndani ya mabano.

Dalili: neno ninalolijua halimo kwenye majibu

Kwanza angalia tahajia ni ya nchi gani. Shule zetu hufundisha tahajia ya Uingereza, lakini faili la maneno linalokuja na Linux mara nyingi ni la Kimarekani. Utamtafutia mtoto colour, travelled, jewellery, uambiwe hakuna, kwa sababu humo kuna color, traveled na jewelry. Kwenye Ubuntu unaweza kuweka kifurushi kiitwacho wbritish na ukapata faili la pili la Kiingereza cha Uingereza. Jambo moja la kuangalia: centre na center zina herufi zilezile. Ukitafuta kwa swali la tatu utapata center kwenye orodha ya Kimarekani na utadhani umefanikiwa, kumbe umempa mtoto tahajia ambayo mwalimu wake ataipiga mkasi.

Faili la Mac lina shida nyingine. Linatokana na kamusi ya Webster ya mwaka 1934. Lina maneno zaidi ya 230,000, lakini usitegemee kuikuta "internet" humo, na maumbo mengi ya wingi yenye S hayamo.

Pili, angalia kama orodha imefika nzima. Mwaka mmoja nilipeleka flashi kwenye stesheneri ili niprinti mazoezi. Kijana wa pale alilifungua faili, akalihifadhi kwa muundo wa zamani wa Excel, ule wa xls, tukaendelea na kazi. Nyumbani nikatafuta maneno yenye A, R na T: water hakuna, trade hakuna, teacher hakuna. Art ipo, party hakuna. Nilianza kuitilia shaka amri yangu. Jioni nikashuka hadi mwisho wa safu nikakuta namba ya mstari wa mwisho: 65,536. Muundo ule wa zamani hauwezi kubeba mistari zaidi ya hiyo, kwa hiyo nusu ya pili ya alfabeti ilikuwa imekatwa. Muundo mpya, xlsx, hubeba mistari 1,048,576. Ukiona majibu yako yote yanaanza na herufi za mwanzo wa alfabeti, nenda mwisho wa orodha uangalie namba kabla ya kugusa ruwaza.

Tatu, maneno mawili yana ugonjwa wao wa pekee: true na false. Ukibandika orodha kwenye Excel au Google Sheets, maneno hayo hugeuzwa kuwa thamani za kimantiki, yanaandikwa TRUE na FALSE kwa herufi kubwa, na hayahesabiwi tena kama maandishi. COUNTIF yenye nyota itayaruka. Kabla ya kubandika, chagua safu nzima uipe aina ya maandishi.

Dalili: nimeomba O mbili, nimeletewa neno lenye O moja

Tuseme herufi ni O, O na K. Mtu anaandika grep o, kisha grep o tena, kisha grep k. Anapata joke, smoke, broken. Chekeche la pili halikufanya kazi yoyote, kwa sababu O ileile iliyopita kwenye la kwanza imepita tena kwenye la pili. Kompyuta haikumbuki kwamba O ya kwanza imeshatumika. Lazima uiambie kuna mbili, moja mbele ya nyingine:

grep 'o.*o' safi.txt | grep k

Sasa yatakuja book, cook, kangaroo.

Shida hii ina upande wake wa pili kwenye swali la nne. Ukiandika grep -x '[art]*' ukitegemea art, rat na tar, utakutana na tart, ambayo imekula T mbili ilhali unayo moja. Mabano ya mraba yanasema ni herufi zipi, hayasemi ni mara ngapi. Kama herufi zako zote ni tofauti, ondoa maneno yenye herufi iliyojirudia:

| grep -v '\(.\).*\1'

Wanaocheza Wordle, mchezo wa kukisia neno la herufi tano uliotolewa na Josh Wardle mwaka 2021 ambao New York Times waliununua mwaka uliofuata, hukwama hapahapa. Umejaribu neno lenye E mbili, moja imekuwa ya kijani, yaani imekaa mahali pake, na nyingine ya kijivu. Kijivu hicho kinakwambia hakuna E ya pili. Ukitupa maneno yote yenye E utakuwa umelitupa na jibu lenyewe.

Dalili: yamekuja maneno ambayo hata mwalimu hayajui

Orodha yako ni ya wachezaji. Orodha ya Collins inayotumika kwenye mashindano ya Scrabble ina maneno zaidi ya 270,000, na humo qi, za, aa na cwm ni maneno halali. Kwenye mchezo huulizwi maana. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, aliikariri orodha. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza.

Kwa mashindano, hiyo ndiyo njia. Kwa mtoto anayejiandaa kusoma baiolojia kwa Kiingereza, mimi sikubali. Neno lisilo na maana kichwani mwake ni mzigo tu. Orodha ikitoka kwenye kompyuta naipitia kwa kalamu, na kila neno ambalo siwezi kulitungia sentensi ya kawaida nalikata.

Dalili: kompyuta haina kosa, kichwa ndicho kimegoma

Sasa tufike kwenye shida kubwa kuliko zote, ile isiyo na amri ya kuitibu. Umeme umekatika, bando limeisha, au uko kwenye mchezo ambamo simu hairuhusiwi. Herufi ziko mbele yako na neno halitokei.

Darasani natumia visoda. Nilivikusanya kwenye vibanda vya jirani, nikaviandika herufi kwa makapeni, nikafuata hesabu ya Scrabble: jumla 100, E zikiwa 12, A na I zikiwa 9 kila moja, Q, Z, X, J na K kimoja kimoja, na viwili vitupu. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, aliyapata mafungu hayo kwa kuhesabu herufi kwenye kurasa za magazeti. Hesabu hiyo yenyewe inamshangaza mtoto wa Kiswahili. Yeye amezoea A kila mahali: kaka, dada, baba, shamba, maandazi. Kiingereza kimejaa E, na nyingi kati ya hizo zimekaa kimya mwishoni mwa neno, kama kwenye make na home.

Siku moja niliweka visoda sita mbele ya kijana wa miaka kama kumi na mitatu: L, I, S, T, E, N. Akavisukuma huku na huku juu ya meza ya plastiki. Dakika chache akawa amepanga L, I, S, E, N. Kile cha T akakisogeza pembeni kwa kidole, taratibu, hadi kikagusa ukingo wa meza.

"Ticha, hii T imezidi."

Nikamwambia asome alichoandika. Akasema "lisen". Sikio lake halikukosea hata kidogo, ndivyo neno linavyotamkwa. Nikamwomba afungue kitabu chake cha Kiingereza ukurasa wowote. Maagizo ya zoezi yameanza na Listen. Neno hilo amelisoma kwa macho mara nyingi sana, lakini alipolitafuta alilitafuta kwa sikio, na kwenye sikio T haipo.

Hicho ndicho chanzo. Kiswahili chetu kinaandikwa kinavyotamkwa, na mtoto aliyejifunza kusoma kwacho huamini kwamba herufi isiyosikika haipo. Kiingereza hakina utaratibu huo. Kwa hiyo ukikwama na herufi, jiulize sauti unayoisikia kichwani inaandikwaje upande wa pili. F yetu huko inaweza kuwa PH kwenye phone au GH kwenye laugh. K inaweza kuwa C, CK, au CH kama kwenye school. Sauti ya KW hujificha kwenye QU, na KS kwenye X, herufi mbili ambazo alfabeti yetu haina kabisa. SH huandikwa TI kwenye station. CH yaweza kuwa TCH kwenye watch, au T tu kwenye picture. J ni DGE kwenye bridge. DH yetu ya dhahabu, ile unayoisikia kwenye mother na weather, huandikwa TH, sawa na TH ya think. Mtoto anayetafuta D kwenye mother hataipata hata akikesha.

Shida ya pili ni umbo la silabi. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mkono wa mtoto ukigusa visoda hupanga konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Mpe S, T, R, E, N, G, T, H, atakwambia irabu hazitoshi. Kumbe neno ni strength, E moja imebeba konsonanti saba. Na yapo yasiyo na A, E, I, O wala U hata moja: myth, rhythm, lynx. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kuanza na irabu. Anza kwa kushikanisha konsonanti zinazopendana: STR, SPL, THR, SH, CK, NG, NT, GHT. Kisha tenga miisho, ING, ED, ER, S, uiweke kulia. Kinachobaki katikati huwa kifupi, na jicho hulikamata.

Maneno yetu ya mkopo yanasaidia sana hapa. Tuliyachukua ya Kiingereza tukayaongezea irabu ili ulimi upite: kilabu, shati, blanketi, stempu, penseli. Mwambie mtoto azing'oe irabu tulizoziongeza, arudi nyuma hadi club, shirt, blanket, stamp, pencil. Akifanya kumi hivi anaanza kuona mwenyewe mahali konsonanti zinapobanana.

Wapo pia wanaochanganya R na L kwa sababu ya lugha ya nyumbani, na hilo halina aibu yoyote. Rice na lice, pray na play, correct na collect. Mtoto wa namna hiyo akikwama na kisoda cha L, mwambie ajaribu neno lilelile alilolifikiria kwa R, halafu aangalie kama bado linatokea mezani.

Tukarudi kwa yule kijana na LISTEN yake. Nilimwambia avipange visoda vilevile kwa alfabeti: E, I, L, N, S, T. Akaandika hivyo upande wa kushoto wa daftari, na kulia akaandika listen. Nikamwambia herufi hizo zina maneno mengine manne yaliyozitumia zote. Alipata silent yeye mwenyewe. Enlist, tinsel na inlets tulisaidiana darasa zima. Daftari hilo sasa ni la darasa. Kushoto AEHRT, kulia earth na heart. Kushoto AEMST, kulia steam, teams, meats, mates, tames. Ukishika herufi zozote unazipanga kwa alfabeti, unafungua ukurasa, na kama kuna mtu aliwahi kukutana nazo utayakuta maneno yake. Halihitaji umeme.

Kikibaki kisoda kimoja ambacho hakina pa kukaa, kabla hujakisogeza pembeni kipitishe kwenye sehemu hizi: S iende mwishoni kwa wingi, E iende mwishoni ikae kimya, H isimame nyuma ya T, S, C, P au W, K ijaribiwe mbele ya N kama kwenye knee, W mbele ya R kama kwenye write, B nyuma ya M kama kwenye thumb, na T katikati ya S na E, pale ilipokuwa kwenye listen. Ikikataa kote huko, andika neno fupi ulilonalo, kisoda kirudi kwenye kisanduku, na nyingine zivutwe.